Mwezi wa sita tuwaachie bibi wazaa mama

Shule wameleta barua. Likizo ya mwezi wa sita watoto wa darasa la pili wanabaki kwa masomo ya kujiimarisha, saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, hela ya chakula na ya basi tunalipa upya, na wazazi tunaombwa ushirikiano. Darasa la pili jamani! Mtoto wa miaka saba anajiimarisha kwa ajili ya nini? Nikaingia kwenye grupu la wazazi nikitegemea watu watauliza, nakuta ni asante mwalimu, ubarikiwe mwalimu, afadhali maana nyumbani wanashinda kwenye katuni. Afu mama mmoja akaandika, kijijini si tunaenda Desemba, mwezi wa sita waende kwa bibi kufanya nini?

Hayo maneno yamenikaa kooni siku nzima, ndo maana naandika. Maana hawazi hivyo mama yule peke yake, nusu ya mji tunawaza hivyo.

Mi nasema hivi, Desemba siyo ya babu na bibi. Desemba ni ya ukoo, ya harusi, ya vipaimara, ya vikao, ya kuonana na watu uliosoma nao. Nimeolewa Mwika kwa hiyo naongea kitu nachokijua. Mtu yeyote mwenye ndoa ya Kilimanjaro anajua ikishapita tarehe 15 tu hakuna mjadala wa Krismasi italiwa wapi, ni kupanga gari na mafuta na nani anakaa na nani. Na napapenda Mwika, nisieleweke vibaya, ile hali ya hewa, ndizi, watoto wanavyokimbia kihambani hawaulizi saa, napapenda. Lakini hebu mwangalieni bibi mwenyewe ile wiki. Mama mkwe wangu anaamka giza, anapika kwa watu wa nyumba tatu, mtori sufuria ile kubwa kabisa, huku mbuzi anachunwa, huku kuna wageni wa shemeji, huku kanisani ameitwa, na wajukuu wote kumi na kitu wamelundikwa chumba kimoja kwenye mikeka. Mjukuu anamshikia miguu anamsalimia, anaulizwa umekua eeh, wa nani wewe, basi, hiyo ndo imetoka hiyo mpaka siku ya kuagana. Mama mkwe aliniambia mwenyewe tukiwa tunaosha vyombo, kwamba Desemba anawaona wote na hamjui hata mmoja. Akaendelea kusuuza sahani. Sasa kama bibi tunayeenda kulala kwake ndo hali hiyo, yule tunayempita barabarani je?

Maana kwetu ni Korogwe. Barabara ileile. Ukitoka Dar unapita Chalinze, Wami, Segera, unaingia Korogwe, halafu ndo Mombo, Same, Mwanga, Himo unapandisha. Yaani huwezi kwenda Mwika kwa gari bila kupita nyumbani kwa mama yangu. Na kwa sababu tunaenda kwa msafara, magari matatu manne, Korogwe ni mahali pa kujaza mafuta na watu kwenda msalani. Nusu saa. Mama anajua hivyo, kwa hiyo anakuja barabarani. Anavaa khanga yake mpya, anakuja na hotpot ya wali wa nazi na kuku amefunga kwa kitambaa, na gunia dogo la machungwa, anasimama pale kwenye kivuli cha duka la pembeni ya kituo cha mafuta, na ukichelewa Wami yeye ndo anasimama zaidi. Mwaka juzi binti yangu alikuwa amelala kiti cha nyuma. Mama akaomba asiamshwe. Akachukua chupa ya maji, akalowesha ncha ya khanga, akamfuta jasho shingoni polepole huku mlango umefunguliwa, na shemeji yangu gari la mbele ameshaanza kupiga honi kwamba tukiingia Same usiku tutachelewa. Na huyo mtoto mpaka tunafika Mombo hajui kama bibi yake alimgusa.

Mimi nilikaa kimya njia nzima. Mume wangu akajua.

Najua nitaambiwa mtoto ni wa ukoo wa baba, ndo mila, sawa. Sijaomba mtoto abadilishiwe jina. Nachosema, bibi mzaa mama naye alikaa na mimi wodini wakati huyo mtoto anazaliwa, ndo alikuja Dar akakaa miezi anamkanda mzazi na kuogesha kichanga, usiku anaamka yeye ili mi nilale, leo huyo mtu anapewa mjukuu wake kwa nusu saa kwenye kituo cha mafuta na wote tunaona ni kawaida. Mi sioni kawaida.

Kwa hiyo mwaka jana mwezi wa sita tuliwapeleka Korogwe, wawili wote, tukawaacha, tukarudi kazini. Na hapa ndo nataka wazazi wenzangu wa lile grupu wanisikilize vizuri maana mnauliza waende kufanya nini.

Baba yangu amefanya kazi kwenye mkonge maisha yake yote. Amezaliwa kambini Ngombezi, baba yake aliletwa kama manamba kutoka Songea, enzi zile watu wanapakiwa kwenye malori wanakuja kukata mkonge Tanga kwa mkataba, wengine wakarudi kwao wengine ndo hivyo mpaka leo wajukuu tuko Dar tunalipia basi la shule. Hayo yote mi nimeyajua nikiwa mtu mzima, kwa vipande vipande, maana baba sio mtu wa kukaa chini akasimulia. Lakini mpe mjukuu. Sijui mjukuu ana nini, kile kitu ambacho mtoto wake wa kumzaa alikisubiri miaka mjukuu anakipata asubuhi moja wakiwa wanakunywa chai na viazi.

Binti yangu alirudi anajua kwamba mkonge siyo wa kwetu, uliletwa na Mjerumani mmoja mwaka 1893, miche elfu moja ilianza safari kutoka Florida na iliyofika Pangani ikiwa hai ni 62 tu, na mashamba yote yale ya Tanga yakaanzia hapo. Anajua mkonge ukitoa mlingoti ndo umefika mwisho wake, unachanua mara moja unakufa. Anajua jani zima lile lilivyo kubwa likipita kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani, singa inayotoka, yaani nyuzi zenyewe, ni kama asilimia 4 tu ya uzito, mengine ni maji na makapi. Anajua mkataji anafunga mzigo wa majani 30, na hapo babu yake ndo alimfundishia kuzidisha, mizigo 7 majani mangapi, mizigo 12 majani mangapi, wanahesabu huku wanatembea kwenda sokoni. Tulivyomfuata alinipigia hesabu za thelathini thelathini kichwani bila kidole hata kimoja. Darasa la kwanza huyo, wakati ule. Masomo ya kujiimarisha ndo hayo sasa, na hakulipa hela ya basi.

Na kamba. Babu alikata jani moja pale pembeni ya uzio, akaliparua kwa kisu kwenye kibao mpaka nyama yote ya kijani ikatoka, ikabaki singa nyeupe inang'aa, akaianika kwenye kamba ya nguo. Kesho yake akaketi kwenye kigoda, akakunja suruali mpaka juu ya goti, akaanza kusokota singa juu ya paja, kiganja kinaenda mbele kinarudi, kamba inatoka. Binti akajaribu, zikamchoma, paja likawa jekundu, maana utomvu wa mkonge unawasha hata ukishaoshwa kama hujazoea. Babu akampaka mafuta ya nazi, akamwambia pumzika, kesho tena. Na kesho tena kweli. Amerudi na kamba ya urefu wa mkono wangu, imepinda na ina mafundo kila mahali, anafungia daftari zake nayo.

Babu huyohuyo alimweleza pia kuhusu viwanda kufungwa, kwamba miaka ya sitini Tanganyika ilikuwa inazalisha mkonge kuliko nchi yoyote, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kisha ikaja nailoni, bei ikaanguka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na kufika mwishoni mwa miaka ya tisini zikabaki kama tani 20,000. Sidhani kama mtoto wa miaka sita alielewa taifishwa. Lakini alielewa kwamba kulikuwa na king'ora cha kiwanda kilichokuwa kinaamsha mji mzima na siku moja hakikulia. Alinisimulia hiyo mara nyingi sana.

Haya hayawezi kutokea Desemba. Yanataka mtu asiye na haraka, na mtoto aliyeanza kuchoka kukaa bure. Zile siku za mwanzo binti yangu alilia, anataka kurudi, hakuna intaneti ya katuni, choo kiko nje. Mama akanipigia akasema usije. Nikatii. Kama ingekuwa siku tatu za sikukuu angelia zote tatu na tungesema kijijini hapapendi.

Wa pili ni mdogo, yeye alichorudi nacho ni kuimba nyimbo za bibi na kukataa kula bila kunawa. Inatosha.

Kuhusu nauli, mwezi wa sita unakata tiketi Mbezi asubuhi unakaa dirisha unalotaka, Desemba watu wanalala stendi. Kuna na treni ya Arusha ambayo inasimama Korogwe, ni taratibu mno lakini watoto wataipenda. Malaria ipo, Korogwe siyo Mwika, beba vyandarua vizuri na usibishane. Matembezi mkitaka yapo, siku ya kuwafuata tuliwapeleka na babu yao mapango ya Amboni, babu akakuta ni mara yake ya kwanza kuingia mle miaka yote anakaa mkoa huohuo, alikuwa anashika kuta zile kama anaulizia bei.

Sasa wale mtakaosema si kila mtu ana wazazi wa kuwaachia watoto, ni kweli, sina la kubisha. Kuna ambao wazazi walishatangulia, kuna ambao kule nyumbani kuna mjomba au jirani humwamini na mtoto wako, na hilo usilifumbie macho hata kidogo, heri abaki darasani mwezi mzima. Na kuna ambao wote wawili mnafanya kazi na dada wa kazi naye ameomba ruhusa likizo hiyohiyo, naelewa kwa nini barua ya shule ilikuwa nafuu. Sawa. Lakini kwenye lile grupu tuko wengi ambao wazazi wapo, wana afya, wana nyumba, na wanatamani.

Na jambo moja ambalo naliomba kwa moyo wote, ukiwapeleka wajukuu peleka na matumizi. Bibi siyo dada wa kazi wa bure. Mzee anaishi kwa kupima, kilo ya sukari inamkalia wiki mbili, halafu unamletea midomo miwili ya mjini inayotaka mkate na maziwa kila asubuhi na unaondoka umeacha elfu kumi mezani. Hataomba. Mama yangu angekopa dukani kabla hajanipigia simu. Mi nilibeba unga, mchele, mafuta, sabuni, hela ya gesi, hela ya dawa za presha za baba kwa mwezi ule, na kila wiki nilituma kwenye simu. Na uulize kama wana nguvu, uulize kweli, siyo kwa kuwapa taarifa. Mama wa miaka sabini na magoti mabovu anaweza kutaka mjukuu mmoja na siyo wanne, mwache achague bila kuona aibu.

Mwaka huu wanaenda tena. Nimeshamwandikia mwalimu wa darasa, nimemwambia kwa heshima mtoto hatakuwepo na kama kuna zoezi atoe kitabu tutabeba, akajibu sawa mama. Baba ameshauliza kama mjukuu bado ana ile kamba.

Na Desemba nimeongea na mume wangu, nikaongea na mama mkwe kabisa ili isije ikasemwa nimemgeuza mtoto wake. Mama mkwe kanishangaza, kasema watoto wabaki Mwika baada ya mwaka mpya, wageni wakishaondoka wote, hata kama ni siku chache kabla ya shule, anataka akae nao nyumba ikiwa tupu. Na kwenda tutalala Korogwe. Mezani, ndani, kwenye nyumba ya mama yangu, siyo kituo cha mafuta. Mashemeji wakitaka kutangulia watangulie, njia ya Himo tunaijua.