Alama 50 za Baba Mkwe

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alirudi kutoka masomoni Ujerumani akiwa na sanduku moja la nguo na jingine la bia, na la nguo ndilo lililokuwa dogo. Hazikuwa bia za viwanda vikubwa ambazo mtu huagiza kwa kutaja rangi ya lebo, bali za viwanda vidogo ambavyo pengine havijawahi kuuza hata kreti moja nje ya mji wao. Kila chupa ilikuwa imeviringishwa ndani ya soksi au fulana ili isivunjike njiani, hivyo shughuli ya kuzitoa ilikwenda sambamba na ile ya kutenga nguo za kufua.

Sisi wenyeji wa Tabata tulikuwa tayari kunywa. Yeye alikataa katakata. Alisema bia za namna hiyo huonjwa kwanza, tena kwa utaratibu, kisha akatugawia karatasi alizochapisha zenye mfumo wa alama unaotumiwa na waamuzi wa mashindano ya bia nchini Marekani: harufu alama 12, muonekano 3, ladha 20, namna kinywaji kinavyokaa mdomoni 5, na mvuto wake kwa ujumla 10, jumla 50. Baba mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho, Kilimanjaro, kwa ajili ya kliniki ya macho, aliisogeza karatasi mbali na uso, akaisoma kutoka juu hadi chini, kisha akauliza nafasi ya kuandika kwamba mtu amelewa iko wapi.

Maandalizi yenyewe nusura yavunje undugu. Shemeji aliingia jikoni na kumweleza dada yake kwamba glasi zake hazikuwa safi, kwa sababu mabaki ya sabuni au mafuta, hata yasiyoonekana kwa macho, huua povu la bia. Jambo hilo ni la kweli, lakini si la kumwambia mwanamke aliyetoka kuziosha. Alipoongeza kwamba hairuhusiwi kukaanga vitunguu mpaka zoezi liishe, kwa kuwa harufu ya chakula huvuruga pua za waamuzi, mke wangu alicheka ile cheko ambayo kila mwanamume aliyeoa anaifahamu, akafunga kanga yake vizuri na kutuachia jiko. Ndiyo maana mezani palikuwa na maji ya kunywa na slesi za mkate mkavu tu, vitu ambavyo shemeji alisema ni vya kusafisha ulimi kati ya bia na bia, na ambavyo mimi nilivihesabu kuwa ndiyo chakula cha mchana.

Tulianza na bia nyepesi tukielekea zile kali, kama inavyotakiwa, kwa sababu ukianza na kali ulimi hausikii tena nyepesi. Ya kwanza ilikuwa bia ya ngano ya Bavaria, yenye ukungu na povu refu. Baba mkwe aliinusa, akanyamaza, akainusa tena.

“Hii ina ndizi,” alisema.

Shemeji alifurahi mno. Alieleza kwamba hiyo ndiyo sifa ya bia hiyo: harufu ya ndizi mbivu na ya karafuu, zote mbili zikitokana na aina ya hamira inayotumika, wala hakuna ndizi wala karafuu iliyotiwa humo.

“Ina ndizi, lakini hawakutia ndizi?”

“Ndiyo, Baba.”

“Na karafuu hawakununua Zanzibar?”

“Hapana, Baba.”

Mzee aliitazama ile glasi kama anayetazama hati ya shamba yenye mihuri miwili. Hata hivyo aliipa alama 31. Ilikuwa bahati mbaya kwamba shemeji hakuridhika na ushindi huo, akaendelea kusimulia kwamba mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitunga sheria iliyosema bia itengenezwe kwa maji, shayiri na maua ya hopsi peke yake.

“Na ulezi?”

“Haumo, Baba.”

“Msesewe?”

“Wenyewe wanatumia hopsi kwa uchungu.”

“Na ndizi hazimo kabisa, ila wanaiba harufu yake.” Baba mkwe alitikisa kichwa. “Watu hao hawakuwa na migomba, mwanangu. Hiyo si sheria, huo ni ufukara.”

Bia iliyofuata ilikuwa gose, mtindo wa kale unaohusishwa sana na mji wa Leipzig, ambao hutiwa chumvi na mbegu za giligilani na huwa na uchachu wa mbali. Mimi niliipenda, na bado naitetea. Baba mkwe alionja kidogo, akasema hiyo anaifahamu, kwani ndiyo wanayopewa watoto zahanati wakiharisha. Kisha ikaja bia ya moshi ya Bamberg, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moshi wa kuni, na ambayo hunukia kama nyama iliyoning'inia darini juu ya mafiga. Hapo mzee alitoa hukumu fupi, kwamba mpishi alisinzia, na akaniagiza niandike hivyo hivyo kwenye nafasi ya maoni.

Sasa nieleze habari ya chupa ya mwisho. Baba mkwe hakuja Dar es Salaam mikono mitupu, kwani alibeba dumu la mbege kwa basi kwa zaidi ya kilomita 500, mfuniko ukiwa umelegezwa na kufunikwa kitambaa, kama afanyavyo kila mtu aliyelelewa mlimani. Mbege, kwa asiyeijua, hutokana na ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, kisha zikachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, huku gome la msesewe likileta uchungu. Haichujwi ikawa maji maji, wala haipiti kwenye mtambo wa kuua hamira. Iko hai, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuchachuka na kutoa hewa.

Shemeji, akitaka mashindano yawe ya haki, alikuwa ameichota mbege hiyo usiku uliotangulia bila baba yake kujua, akaitia katika chupa nene ya Kijerumani, ile yenye kizibo cha kaure kinachobanwa kwa waya, na kuiweka juu ya kabati, karibu na dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Friji lilikuwa limejaa. Nia yake ilikuwa baba yake aionje bila kuijua, aipe alama, kisha afichuliwe.

Basi alisimama katikati ya sebule, chini ya pangaboi lililokuwa likizunguka kwa kasi ya mwisho, akatangaza kwamba sasa tunafikia bia ya siri. Akaweka kidole gumba kwenye waya.

Kizibo kiliruka kwa mlio uliowafanya watoto watoke chumbani. Baada yake ikapanda mbege yenyewe, nguzo nyembamba ya rangi ya udongo iliyonyooka mpaka kwenye pangaboi, na pangaboi, kwa kuwa ni chombo kisichobagua, likaigawa sawasawa kwa kila aliyekuwamo. Makapi ya ulezi yalinata ukutani kwa mstari ulionyooka, ungedhani umepigwa na fundi rangi. Vitambaa vya kufuma vya makochi vilipata fungu lao, picha ya harusi yetu ikapata lake. Shemeji alijaribu kuziba mdomo wa chupa kwa kiganja, jambo lililosaidia tu kuielekeza mbege kwangu.

Pangaboi lilipozimwa, baba mkwe alikuwa bado ameketi. Alivua miwani, akapangusa tone shavuni kwa kidole, akalilamba.

“Hii ni ya kwangu,” alisema, akaomba kalamu.

Harufu akaipa 12. Muonekano 0, kwa maelezo kwamba haikuonekana, ilipita. Ladha 20. Kukaa mdomoni 0, kwa kuwa ilikwenda kukaa darini. Mvuto kwa ujumla 10. Shemeji, ambaye ulezi ulikuwa ukimchuruzika nyusini, alianza kubisha kwamba mwamuzi hawezi kutoa alama zote za ladha kwa tone moja, na walikuwa wangali wakibishana mlango ulipogongwa. Alikuwa mama jirani, mzaliwa wa Machame, aliyevaa harakaharaka kitenge kipya.

“Hodi jamani. Nimeisikia mbege mpaka kwangu,” alisema, akiwa na kinyongo kidogo. “Ndiyo mnapokea posa kimyakimya hivi, hata jirani hatuitwi?”

Baba mkwe alimkaribisha kiti kilichokuwa kikavu kuliko vingine, akaigeukia karatasi, na kando ya ile 12 ya harufu akaandika: shahidi amefika. Mke wangu alitokea kwa nyuma, akaitazama dari, akamwekea mdogo wake ndoo na kitambaa miguuni, akaenda jikoni kukaanga vitunguu.