Filemoni si barua ya kurukwa

Jumatano iliyopita tulimaliza Tito. Tangu Januari tumekuwa tukizisoma nyaraka za Paulo mlango baada ya mlango, watu kumi na watano hivi, sebuleni kwa mama mmoja hapa Kisauni, Mombasa. Mimi nilikuwa naihesabu siku ya kufika Filemoni. Mwalimu wetu akafunga Biblia yake akasema hiyo ni barua ya mtu binafsi, mistari 25 tu, haina fundisho kubwa, kwa hiyo juma lijalo tuingie Waebrania. Watu wakaitikia amina. Chai ikaletwa.

Nilikunywa ile chai bila kuisikia utamu, nikaenda nyumbani, na hasira haijanitoka hadi leo.

Kutoka sebule ile hadi Kengeleni ni mwendo mfupi tu wa miguu. Makanga wanaliita jina hilo kutwa nzima na abiria wanashuka, lakini ile kengele iliyolipa jina mahali pale ilitundikwa kuwaonya watu waliowekwa huru kwamba wakamata watumwa wanakuja. Pale ndipo Freretown, iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya biashara ya utumwa. Kati ya sisi kumi na watano, najua angalau watatu ambao bibi zao na babu zao walilelewa pale. Katika Agano Jipya kuna barua moja ambayo tangu mwanzo hadi mwisho ni habari ya mtumwa mmoja, Onesimo, jina lake na kurudi kwake kwa bwana wake Filemoni. Na watu wa Kengeleni ndio wanaoambiwa waiache!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hoja ya mwalimu wetu ilikwisha kujibiwa, na vizuri mno, zamani za kale. Yohane Krisostomo, mhubiri wa kanisa la kale, alipoanza kuihubiri barua hii, yapata miaka 1,600 iliyopita, alianza na watu hao hao: waliosema imeongezwa bure kwenye Maandiko, maana inaombea jambo dogo, kwa ajili ya mtu mmoja. Hakuwapuuza. Aliwaambia kwamba yeye angetamani apatikane mtu wa kutusimulia habari zote za mitume, hata walikula nini na walikula saa ngapi, walitembea lini na waliketi wapi, waliingia nyumba ya nani, walilala kwa nani. Mtu anayempenda mwenzake hachoki kuulizia mambo yake madogo. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilimkumbuka mama yangu, ambaye nikitoka safari haulizi mkutano ulikwendaje. Anauliza nililala kwenye kitanda gani na kama kulikuwa na chandarua.

Yeronimo naye, yule msomi wa kale aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, akiwa Bethlehemu, aliwajibu watu wa namna hiyo. Walisema kwamba Roho hawezi kuwa amemwongoza mtume katika mambo ya kawaida kama kuagiza joho lake lililobaki kwa Karpo huko Troa. Ukikubali hoja hiyo utaanza kuchana Biblia vipande vipande.

Nimesema Krisostomo aliihubiri. Hotuba tatu nzima, kwa barua ambayo sisi hatukuipa jioni moja. Na alivyoisoma! Anakuonyesha kwamba Paulo halitaji jina la Onesimo mapema. Anaanza na upendo wa Filemoni, na jinsi mioyo ya watakatifu ilivyoburudishwa naye. Halafu anajitaja mwenyewe, Paulo mzee, na sasa mfungwa. Halafu anasema mtoto wangu, niliyemzaa katika vifungo vyangu. Ndipo jina linatajwa, mstari wa 10, mwisho kabisa, moyo wa bwana ukiwa umekwisha kulainika. Sisi watu wa Pwani tunaijua namna hii ya kuomba. Hakuna mshenga anayeingia nyumba ya watu akataja shida yake mlangoni.

Kisha mstari wa 15, ambao nimekaa nao siku nyingi. Paulo anasema labda ndiyo sababu alitengwa nawe kwa muda. Krisostomo anakusimamisha hapo. Hakusema alitoroka, amesema alitengwa. Anakukumbusha Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake kumbe Mungu alikuwa na kusudi lake. Na anakuonyesha lile neno dogo, labda, ambalo Paulo ameliweka ili asijifanye anayajua yote ya Mungu wala kuudharau uchungu wa mtu aliyekosewa. Fungua Biblia yako ya Kiswahili: maneno yote mawili yamo, "labda" na "alitengwa". Waliotutafsiria walikuwa makini. Sisi ndio tunaopita mbio.

Hii ndiyo sababu nawapenda wafafanuzi wa kale. Walisoma barua nzima. Krisostomo aliihubiri Warumi katika hotuba 32, mstari kwa mstari, mbele ya watu wa kawaida wa Antiokia, mafundi na wachuuzi. Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, aliandika juu ya karibu kila waraka wa Agano Jipya, na Filemoni imo. Hawakuokota mstari mmoja wa kubandika kwenye gari. Ukisoma Wafilipi 4 pamoja nao huwezi tena kuutumia mstari wa 13, "nayaweza mambo yote", kuombea tenda ya serikali, kwa sababu watakurudisha mstari wa 12, kwenye kushiba na kuona njaa.

Najua jibu nitakalopewa, nimekwisha kupewa: Roho Mtakatifu anatosha, vitabu vya watu vya nini? Basi tulirudie lile joho la Troa. Paulo anamwambia Timotheo alilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Mzee aliye gerezani, anayejua kwamba atauawa, anaagiza vitabu. Calvin alipofika mstari huo aliuliza wako wapi wanaojiona wameendelea mno hata hawahitaji tena kujifunza. Sina la kuongeza.

Sasa nifike mahali panaponiuma, maana nikipaficha nitakuwa mwongo.

Krisostomo huyo huyo, katika utangulizi ule ule, anasema tunajifunza pia kwamba haifai kuwaondoa watumwa kwa mabwana zao, watu wasije wakasema Ukristo umekuja kupindua kila kitu. Niliposoma hapo niliiweka simu mezani. Mtu mwenye sikio la kulisikia neno "labda" hakulisikia neno "mtumwa" kama bibi yangu angelisikia. Na matunda ya usomaji huo yalikuwa machungu. Huko Marekani, waliotetea sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa watoro walimtaja Onesimo. Mwaka 1833 mhubiri mmoja Mzungu wa Georgia aliwahubiria watumwa kutoka Filemoni, akilaani kutoroka kwa mamlaka ya Paulo. Yeye mwenyewe aliandika kwamba nusu ya wasikilizaji waliinuka wakaondoka, na wengine walisema kabisa kwamba barua kama hiyo haimo katika Biblia.

Mimi wale walioinuka nawahesabu miongoni mwa wafafanuzi. Walijua kwamba barua waliyosomewa siyo ile iliyomo. Ile iliyomo inasema: si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa. Na haisemi ndugu katika Bwana tu; inasema katika mwili na katika Bwana.

Kwa hiyo nakubali, kwa shingo upande, kwamba wazee hawa hawatoshi peke yao. Lightfoot, msomi wa Agano Jipya wa Cambridge, alipochapisha ufafanuzi wake wa Wakolosai na Filemoni aliandika kwamba neno la kumweka mtumwa huru linaonekana kutetemeka kwenye midomo ya Paulo, na bado halitamki hata mara moja. Ufafanuzi huo ulitoka 1875. Mwaka ule ule wa Freretown. Huko profesa anayatazama maneno ya Kigiriki, huku watu wanateremshwa pwani wakiwa mifupa mitupu. Unisamehe msomaji, kila nikiuona mwaka huo kwenye jalada la ndani natetemeka mimi pia.

Na kuna jambo la hapa kwetu ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuliandika. Miaka ya 1880 watumwa watoro walikimbilia Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa, kwa mamia. Msimamizi pale alikuwa William Jones, Myao aliyekuwa ameuzwa utumwani utotoni, akakombolewa na kulelewa India. Mabwana walidai watu wao. Wamisionari walikuwa wamebanwa: warudishe, au wafiche? Mwishowe Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiingia pwani, akakubali kuwalipa mabwana fidia, na siku ya kwanza ya 1889 zaidi ya watu elfu moja wakapewa hati za uhuru. Sitasema kampuni ile ilifanya hivyo kwa upendo wa Mungu. Ilikuwa na biashara yake ya kulinda. Lakini hebu soma mstari wa 18 na wa 19 ukiwa unaijua habari hiyo. Kama anawiwa kitu, ukiandike hiki juu yangu. Mimi Paulo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa. Luther alisema sisi sote ni Onesimo wa Kristo, na nilikuwa nikilisoma hilo kama msemo mzuri. Baada ya Rabai silisomi hivyo tena. Deni lilikuwa na tarakimu, hati ilikuwa na jina la mtu, na Onesimo mmoja ndiye aliyekuwa akiwafungulia mlango wenzake.

Ndiyo maana siwezi kukubali Filemoni irukwe, hasa na sisi. Nataka Krisostomo asomwe kwa Kiswahili sebuleni kwetu, kisha ajibiwe kwa Kiswahili pale alipokosea, na watu wanaojua neno "mtoro" lilitoka wapi.

Nilimpigia mwalimu simu Ijumaa. Nilijitahidi nisipandishe sauti, nikashindwa kidogo, nikamwomba radhi. Ni mtu mwema na alinisikiliza. Akanipa jioni moja. Waebrania itangoja.

Jana tulisoma. Nilikuwa nimepanga mistari yote 25, tukafika wa 12 tu: yeye mwenyewe, maana ni moyo wangu hasa. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida huwa anashughulika na vikombe wakati wa funzo, alikuwa ameketi. Akaniomba niurudie mstari ule. Nikaurudia. Akasema, "Mwanangu, hao wazee wako wa zamani, kuna hata mmoja aliyeuliza Onesimo mwenyewe njiani alikuwa anawaza nini? Barua anaibeba yeye."

Nikatazama daftari langu, kurasa sita za Krisostomo na Yeronimo na Lightfoot. Nikamwambia, "Hapana, mama. Hapa sina." Akaanza kutusimulia habari za bibi yake.

Chai ilipoa.