Beseni Hapana, Mashine Ruksa

Suti yangu ilikuwa ya flaneli ya sufu, rangi ya majivu, na ndani imeshonewa kilebo kimeandikwa Super 100. Namba hiyo inahusu wembamba wa unyoya: ikipanda, unyoya mwembamba zaidi na kitambaa laini zaidi. Mimi nilidhani ni maksi. Nilitembea kifua mbele kama mtu aliyepata mia kwa mia.

Siku moja mvua ikanikuta njiani. Sasa sufu ina ujanja wake, inaweza kufyonza unyevu karibu theluthi ya uzito wake na mvaaji asijihisi amelowa. Nikaendelea na maringo yangu, najiona mkavu, kumbe nimebeba kisima mabegani. Nimefika nyumbani, hata sijakaa vizuri, mke wangu anauliza nani kaingiza kondoo ndani.

Ni kweli, sufu ikilowa inakumbuka ilikotoka. Ningelitundika tu koti kwenye hanga pana, mahali penye hewa, harufu ingejiondokea. Lakini mimi nikiona tatizo situlii.

Nikasoma lebo ya ufuaji. Wamechora beseni la maji, halafu wakalipiga X kubwa. Nikaelewa mara moja: kwenye beseni hapana. Mashine hawajaitaja popote. Nikatumbukiza koti, sabuni nikaipimia kwa hasira, joto nikaweka nyuzi 60, maana harufu ile haikuwa ya kuchekewa.

Nilipofungua mlango nilidhani nimefua nguo ya mtu mwingine.

Koti lilikuwa limejikunyata kama paka aliyenyeshewa. Kitambaa kimenenepa mfano wa zulia, ule ufumaji wake wote umepotea. Mapindo ya kola yamejiviringisha. Na bitana? Bitana haikuwa ya sufu, kwa hiyo haikuhusika na ugomvi huo. Ilibaki na urefu wake uleule, ikaning'inia chini ya pindo kama gagulo, na mikononi ikatokeza kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Vifungo navyo havikupungua. Juu ya koti lile vilionekana kama visosi.

Nikajaribu kulivaa. (Usiniulize kwa nini.) Mkono wa kulia uliingia mpaka kwenye kiwiko, ukagoma kwenda na ukagoma kurudi. Mke wangu alivuta huku anacheka, na mtu anayecheka hana nguvu, kwa hiyo tulikaa hapo kitambo.

Kesho yake nikalipeleka kwa fundi wangu. Akaligeuza, akalinusa, akaniangalia kwa huruma.

"Bosi, mtoto mwenyewe yuko wapi nimpime?"

Nikamwomba alivute lirudi. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba unyoya wa kondoo una magamba madogo madogo, kama ya samaki. Ukiupa maji ya moto na sabuni, kisha ukausukasuka, magamba yananasana, na yakishanasana hayaachani tena.

"Tena kule Austria watu wanafanya hivi makusudi," akasema, "wanapata kitambaa kizito cha kukinga upepo na mvua."

Nikapata matumaini kidogo. "Kwa hiyo sikukosea sana?"

"Tofauti ni ndogo tu, bosi. Wao wanachemsha kitambaa, ndipo wanashona koti. Wewe umeanzia mwisho."

Akapunguza bitana iliyozidi, akapinda upya, nikalibeba koti kwenye mfuko mdogo ajabu. Jioni nikampa mtoto wa dada yangu, ana miaka minane. Lilimkaa kama alipimwa. Akasimama mbele ya kioo, akafunga kifungo cha juu, akageuka kushoto, akageuka kulia, akajitazama miguuni na kaptura yake, kisha akanigeukia kwa adabu zote:

"Mjomba, na suruali utaifua lini?"