Bi. Doubtfire na tone la krimu

Nyumbani kwetu filamu ya Mrs. Doubtfire ilikuwa kanda ya VHS iliyochoka, picha inaruka kila baada ya dakika mbili. Kiingereza tulikuwa tunabahatisha, lakini ikifika pale Robin Williams anapouzamisha uso kwenye keki, tulikuwa hoi. Yeye ni Daniel, baba aliyeachana na mkewe anayejifanya yaya wa kizee, Bi. Doubtfire, ili awe karibu na wanawe. Sura ya bandia imemponyoka dirishani na kupondwa na gari. Afisa ustawi wa jamii yuko sebuleni anamsubiri Bi. Doubtfire. Bibi anatokea na uso mweupe pe, eti ndio urembo wake wa usiku. Krimu inaanza kuyeyuka. Tone linadondokea kwenye chai ya mgeni, naye hababaiki: haya, krimu na sukari umeshapata.

Toleo la jukwaani, la nyimbo, nililiona London, pale Shaftesbury Theatre, lilikoanza 2023 baada ya kuchezwa Broadway, New York. Nilikaa juu kabisa, kwenye viti vya sisi wa kubana matumizi. Krimu niliiona. Tone, wapi!

Filamu hii ya 1993 inakaa usoni. Kamera inakusogeza mpaka unasahau kwamba yule bibi ni Daniel, na ukisahau, ndipo inauma Miranda anapomweleza yaya mambo ya ndoa yake iliyovunjika, asijue anamweleza mtalaka wake mwenyewe. Walioutengeneza uso ule walipewa Oscar, na haki yao.

Jukwaani huwezi kusahau. Mwigizaji anavaa na kuvua mbele yako kwa sekunde chache, sura, wigi, mwili mzima wa sponji, na ukumbi unalipuka kwa makofi. Nami nilipiga, sana tu. Ila makofi yale yalikuwa ya fundi. Kule nyumbani tuliogopa baba wa watu atagunduliwa na kunyang'anywa wanawe. Huku nilikuwa nawaza tu, jamani, zipu ile ameifungaje?

Nyimbo ni nyingi mno kwa masikio yangu. Mtu akiumia kidogo tu, muziki huo! Mmoja naukubali: mgahawani, Daniel akihaha kati ya meza mbili, moja kama yeye mwenyewe, nyingine kama yaya, mwimbaji wa flamenko, muziki wa Kihispania, anaibuka kulalamikia mwanamume aliyemdanganya. Kwenye filamu ni kuhaha na kubadili nguo tu. Hapo jukwaa limeshinda, sibishi.

Nilihofia wangeuchezea mwisho, lakini hawakuuchezea. Baba na mama hawarudiani. Baba anapata nafasi ya kuwaona watoto, basi. Tukiwa tunashuka ngazi, binti yangu akanivuta mkono.

"Mama, sasa wanaoana tena lini?"

"Hawaoani."

Akashuka ngazi tatu nne kimya.

"Hata kwenye ile ya kwenu ya zamani?"

"Hata ile."