Jipsamu si chokaa

Mvua za Aprili zilivuja nyumba ya jirani yangu hapa Tudor, Mombasa, dari la jipsamu, zile bodi nyeupe zilizovikwa karatasi, likavimba kama mkate wa mofa, kisha likashuka sebuleni. Fundi alibomoa asubuhi moja, akajaza magunia 17, na kabla ya adhuhuri mkokoteni ulikuwa mlangoni. Nikamuuliza hamali anapeleka wapi. "Jaani, babangu. Hii si sumu, ni chaki tu."

Kwa chaki hakukosea; chaki nyingi za shule ni jipsamu hiyo hiyo. Na wazo lake lina asili mjini humu. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo. Ukuta ukianguka, kifusi kilijaza shimo, basi. Chokaa hurudi kuwa jiwe. Jipsamu nayo ni nyeupe, nayo ni unga, ikarithi sifa isiyo yake. Tofauti ni salfa: karibu moja ya tano ya uzito wa jipsamu safi ni hiyo.

Ikikaa kavu, haina neno. Ifukie penye maji na pasipo hewa, pamoja na maganda ya ndizi na wali uliochacha, na bakteria wataigeuza salfa hiyo kuwa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka yai viza. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni na mashimoni. Linalonikosesha raha ni kwamba pua humsaliti mwenyewe. Ikiwa kidogo, harufu humfukuza mtu. Ikifika takriban sehemu 100 kwa kila milioni ya hewa, pua hufa ganzi na mtu hudhani harufu imekwisha, kumbe ndiyo imezidi. Mwokota taka aliyeinama kwenye shimo na ndoano yake hana kipimo kingine ila pua hiyo.

Uingereza waliwahi kuvumilia mzigo wa taka wenye jipsamu hadi asilimia 10 kuzikwa na taka zinazooza. Tangu 2009 hata hiyo hairuhusiwi. Jipsamu huzikwa peke yake au husagwa itumike tena.

Wapo wanaoniambia hayo ni mambo ya majaa yaliyofungwa kwa udongo na plastiki, na kwamba jaa letu la Mwakirunge ni wazi, jua kali, upepo wa bahari. Nusu yake naikubali. Juu ya lundo gesi hutawanyika. Lakini haizaliwi juu. Huzaliwa chini, kwenye tabaka lililolowa masika yote na kushindiliwa na malori.

Hoja ya bei ni nzito zaidi, na wanaoitoa hawasikizwi ipasavyo. Sheria inataka taka zibebwe na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka zitenganishwe zinakotoka. Sawa. Lori lenye leseni litafuata magunia 17 Tudor kwa pesa gani? Na ukishatenganisha, mara ngapi umeona vyote vikitupwa nyuma ya lori moja? Kanjo, askari wa kaunti, akimkamata mtu, humkamata hamali, ambaye kosa lake ni kukubali kazi. Mwenye nyumba yuko ndani anachagua rangi.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaodai tusubiri mpaka kaunti itenge mahali. Kutenganisha hakungoji lori. Bodi kavu hufunguliwa skrubu, hupangwa chini ya paa, na vipande vizima huziba dari la chumba kingine. Zilizolowa zisichanganywe na taka za jikoni, wala zisichomwe: karatasi itaungua, jipsamu ibaki pale pale. (Dari la zamani la asibesto ni habari nyingine kabisa, hilo fundi asiliguse.) Saruji yenyewe hutiwa jipsamu, asilimia 3 hadi 5 hivi, ili isigande upesi. Bamburi pana kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, nasi tunapeleka jipsamu jaani. Si kila bodi chafu inafaa huko, karatasi na rangi lazima zitoke kwanza, lakini swali hilo kaunti ingeweza kuliuliza.

Jioni nilipita jaa dogo la mtaa. Magunia yalikuwa pale, mawili yamepasuka, na mtu ameshayamwagia makumbi ya madafu. Gharama ya kuyapeleka kwingine ingeingia kwenye bili ya dari jipya, pamoja na mbao na skrubu, na jirani yangu angeilipa bila hata kuuliza.