Arubaini inaangalia mwili tu
Nimesoma makala eti mzazi wa Kizanzibari, mama aliejifungua, hapati sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa) kwa kuwa ana arubaini, zile siku arubaini za kulelewa baada ya kujifungua, na watu wa kumshughulikia, hapo mwandishi sikubaliani nae kabisa. Arubaini nzuri sikatai, maji moto ya kukandwa, mkaja wa kufunga tumbo, uji wa pilipili manga, lakini hayo yote ni ya mwili jamani. Wifi yangu huku Wete, Pemba, alifanyiwa kila kitu na bado mtoto akilia yeye anatazama ukuta, ukimpa anyonyeshe anampokea uso kaugeuza kule, usiku halali hata kama mtoto kalala. Wakasema jini huyo, akanyweshwa kombe, yale maji ya aya za Qurani (dua nayo siikatai), arubaini ilipokwisha kila mtu akarudi kwake na mume kenda dago, kambi ya uvuvi, ndo hali ikazidi. WHO wenyewe, Shirika la Afya Duniani, wanasema nchi zinazoendelea karibu mama 20 katika 100 wanapata matatizo ya akili baada ya kujifungua, zaidi ni hiyo sonona, sasa sisi tumekuwa malaika? Kulialia siku za mwanzo kawaida, ila ikipita wiki mbili huo si uchovu tena, apelekwe hospitali. Na wiki ya sita mtoto si anapelekwa chanjo, basi pale anapimwa uzito mtoto, mama haulizwi hata kalalaje, wifi yetu kasaidika kwa nesi mmoja tu aliemvuta pembeni wakazungumza mpaka akalia. Nyie wa Unguja kliniki zenu mnaulizwa hali zenu au na huko ni mtoto tu?