Tramu ya Mombasa mnayoililia, hebu angalieni nani yuko nyuma

Jumapili ami yangu kaweka picha kwenye grupu la familia. Mnaijua, imezunguka sana hiyo, ya Mombasa ya zamani: reli nyembamba katikati ya njia, kigari kidogo juu yake, kina kiti na kipaa cha turubai, mzungu na mkewe wamekaa wima kama wanaopigwa picha ya pasi. Chini ami kaandika, "Mombasa ilikuwa na tramu yake, leo tuna tuktuk. Wale watu walikuwa na mipango." Basi ikawa mvua ya makopa. Binamu zangu wa Dubai makopa, yule wa Toronto ati ndiyo maana yeye harudi, bibi mmoja wa upande wa mama akasema zamani kulikuwa na ustaarabu, watu walikuwa na haya. Tuko arobaini na kitu kwenye hilo grupu na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyesema neno kuhusu wale watu wawili walio nyuma ya kigari.

Wapo. Rudini mukaangalie.

Mikono yote miwili iko kwenye chuma cha nyuma, kichwa chini, mgongo umepinda. Hiyo ndiyo injini. Tramu ya Mombasa ilisukumwa na watu, jamani. Na msinambie ilikuwa ya kushikiza tu, wiki mbili tatu wakingoja mashine ishuke melini, manake ilianza miaka ya 1890 ikaenda mpaka vita vya kwanza vikaisha, magari ya mafuta yakaanza kujaa mjini, ndipo ikafa. Miaka na miaka binadamu anamsukuma binadamu mwenzake kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini na kurudi, jua la saa saba hilo, mnalijua.

Sasa ami hajibiwi kwenye grupu mbele ya wajukuu zake, adabu hiyo nimefundishwa, kwa hivyo namjibu hapa ambapo hasomi.

Tuanze na hiyo "mipango". Mwaka 1887 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kampa William Mackinnon, tajiri wa meli wa Kiingereza, na wenzake ruhusa ya kuendesha pwani yake kwa niaba yake, mwaka wa pili Malkia Victoria akaipa kampuni yao hati ya kifalme, ikawa ndiyo ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka 1890 wakaanza kutandika reli upande wa bara, hapo ng'ambo ya kisiwa, upana wa futi mbili, na jina wakaipa kubwa kweli kweli: Reli ya Afrika ya Kati. Mnajua ilifika wapi hiyo Afrika ya Kati? Maili saba. Maili SABA, sai bodaboda anakupeleka hujamaliza kuongea na simu. Hela zikakata, mradi ukaachwa, na vile vyuma baadaye vikang'olewa vikaletwa kisiwani kutandikiwa vigari vya kusukuma. Hiyo ndiyo tramu yetu. Masalio. Ni kama fundi aliyekuahidi ghorofa, akafika kwa msingi akapotea, ukaokota matofali yaliyobaki ukajenga banda la kuku, halafu vitukuu wako wakalipiga picha wakasema mzee alikuwa na mipango.

(Na kampuni yenyewe ilivyofungwa 1895 ililipwa pauni 250,000 ikaondoka, na katika hizo 200,000 zilitoka kwenye fedha za Zanzibar, zile Mjerumani alizolipa alipoichukua pwani ya upande wa Dar. Yaani mwenye pwani ndiye aliyemtolea mpangaji nauli ya kurudi kwao. Lakini hiyo nitaiandikia siku yake, leo nikiingia huko sitoki.)

Haya, kitu kinachoniuma ni kibali. Kila mtu akizungumza habari za miradi ya mkoloni anataja mainjinia, anataja chuma, anataja nidhamu. Hataji kibali. Kwa sababu ili uweke reli katikati ya njia ya watu kuna mtu lazima aseme sawa, wekeni. Na huyo mtu kabla hajasema sawa kuna watu amewauliza na kuna watu hajawauliza. Muuza kahawa aliyekuwa akipita hapo na dele lake toka alfajiri kaulizwa? Mwenye punda je? Wale wachukuzi wa bandarini walioambiwa sasa mtasukuma, kuna aliyewauliza watasukuma uzito gani, saa ngapi, mvua ikinyesha je? Mabwana wakubwa wao walikuwa na vigari vyao binafsi, na tawi la reli limechepushwa likaingia mpaka kwenye nyumba zao, na wasukumaji wao wamevalishwa sare. Tawi la reli, mlangoni kwako! Hilo halikuota lenyewe kama muarubaini, kuna mtu alikubali liwekwe. Na yule aliyekubali na yule aliyewekewa mlangoni walikuwa wakinywa chai meza moja. Ndiyo maana kibali kilitoka upesi, ami. Unamwomba nani, nani akukatalie, na wote mtapanda?

Fikirieni kitu kimoja tu. Reli ni ya njia moja. Vigari viwili vikikutana uso kwa uso, kimoja lazima kinyanyuliwe kitolewe kando, kingine kipite, kisha kirudishwe. Nani ananyanyua? Aliyekaa na mwavuli?

Na punda walikuwepo Mombasa, msije mkanambia hawakuwepo. Lamu mpaka kesho punda ndiye anayebeba mji.

Halafu nikaja kukumbuka Bombay, huko huko India walikotoka mafundi wengi waliokuja kujenga reli yetu kubwa. Kule kampuni ya Kimarekani iliomba leseni ya tramu mwaka 1865, ikapewa, lakini vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeisha, bei ya pamba ikaanguka, mji ukafilisika, hakikujengwa kitu. Wakaja wengine, Stearns na Kittredge, wakapewa ruhusa 1873, mwaka uliofuata ikapitishwa sheria kabisa ya tramu za Bombay, na tarehe 9 Mei 1874 magari yakaanza kutembea, Colaba mpaka Pydhonie. Nauli ilikuwa anna tatu, vile visarafu vya India, miezi haikupita mingi ikashuka ikawa mbili kwa sababu watu wa kawaida ndio walikuwa wanapanda. Mkoloni yule yule, bendera ile ile. Lakini kule kulikuwa na sheria, kuna nauli, kuna karani na mke wake wanapanda, na mbele ya gari kuna farasi. Miaka mingi baadaye sisi tunaletewa chuma cha mtumba na farasi ni baba ya mtu.

Sasa najua kuna atakayekuja na Zanzibar. "Mbona Unguja walikuwa na treni ya Bububu na Waswahili walipanda?" Walipanda, ni kweli, na hilo nalikubali ingawa sitaki. Maili saba tena (sijui hizo maili saba zina nini na pwani hii), kutoka mjini mpaka Bububu, iliyojengwa na Wamarekani, kampuni ya Arnold Cheney ya New York, na ikaanza kazi 1905. Injini ya moshi, ya kweli, inapita kwenye vichochoro vya mji karibu igonge meza za wauzaji. Mwaka 1911 ilikuwa inaenda na kurudi mpaka mara saba kwa siku, mama wa shamba anakuja mjini na anarudi siku hiyo hiyo. Sawa. Nzuri. Lakini hebu angalieni tena kibali kilipitia wapi. Miaka hiyo Sultani alikuwa Seyyid Ali bin Hamoud, kijana aliyekalia kiti 1902, na mpaka katikati ya 1905 nchi ilikuwa mikononi mwa waziri wake wa kwanza, Mwingereza anaitwa Rogers, ati amlindie mpaka akue. Kwa hiyo Mmarekani alivyokuja kutaka kupitisha treni katikati ya mji wa watu, aliyeketi upande wa pili wa meza ndio huyo. Na mwisho wake mnaujua? Mwaka 1922 abiria wakashushwa, mawe yakapandishwa. Reli ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari. Hakuna aliyemuuliza yule mama wa Bububu sasa wewe utakuja na nini.

Ile ya kwanza kabisa, ya Barghash mwenyewe ya 1879 kwenda Chukwani, hiyo hata siijadili, ilikuwa ya mfalme kwenda kwenye kasri lake, na mwanzoni yeye alikuwa anavutwa na nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi. Ona, hata mfalme alitafuta nyumbu.

Nitakubali na jambo jingine, kisha mniache. Walikuwa wepesi. Hong Kong sheria ya tramu imepita 1902, Julai 1904 gari liko barabarani na umeme wake. Nairobi wamechorewa mistari myekundu ya mabasi Thika Road toka 2018 na mistari imefutika kwa matairi ya matatu. Inauma, naelewa ami anaposema mipango. Mimi pia nikikaa kwenye jamu ya kivuko, jasho linatiririka, kondakta ananipandishia mtu wa nne kwenye kiti cha watatu, natamani kitu chenye reli, chenye saa yake. Lakini naona tofauti. Kila anayeitazama ile picha anajiona amekaa. Nyote kwenye grupu, kuanzia ami, mumejiweka chini ya kile kipaa cha turubai, mumepanda, upepo unawapiga. Na babu yetu alikuwa hamali bandarini! Ami, baba yako! Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto mpaka anazikwa, wewe ndiye uliyetusimulia.

Jirani yetu anasukuma mkokoteni wa maji. Simtaji jina, tunamwita mzee wa maji tu. Mitungi ya lita ishirini, kumi na miwili kwa mkupuo, na mifereji ikikauka wiki nzima ndiye serikali yetu. Mwaka jana mkokoteni wake ulikamatwa, ati unaziba njia na kuna wageni wanapita. Akaenda ofisi moja, sitaitaja, akaambiwa alete kibali. Kibali akachukue dirisha la tatu. La tatu likamtuma la saba, la saba likampa fomu, na kwa kuwa hasomi vizuri akaja nayo kwangu jioni tuijaze. Fomu ile ile ya magari. Nambari ya chasisi. Rangi. Tukafika mahali pameandikwa aina ya injini. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo akasema, "Andika mimi." Wallahi nikaandika. Fomu ikarudishwa, ati tumefanya mzaha. Siku kumi na moja mkokoteni umekaa kwenye uwanja wao, mtaa mzima tunanunua maji ya chupa ya kupikia, na siku anaukuta, mpira mmoja wa gurudumu hauko.

Leo asubuhi kapita, nikamwita ndani anywe chai, nikampa simu aione picha ya ami. Hakuangalia wazungu kabisa. Kaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, akaenda moja kwa moja nyuma kwa wale wawili.

"Hawa hawana viatu," kasema.

Nikamwambia ndiyo, nimeona.

"Lakini hapa kunateleza, hii reli si mchezo, ukishaanza kwenda unakwenda." Akasogeza picha huku na huku, akawa anapima kwa macho, yeye mkokoteni wake una kipande cha tairi kimepigiliwa nyuma, kwenye mteremko ananyanyua mikono mbele, tairi linakwaruza chini, unasimama, na hata hivyo nyayo zake zimechanika kama ardhi ya kiangazi. Akaitazama muda mrefu mpaka chai ikaota ngozi juu.

"Mwanangu," akaniuliza, "breki wanashika wapi?"

Nikaichukua simu, nikaivuta picha mpaka ikawa vidoto vidoto tu. Sikuiona.